Kibegi cha Kupandia Mlima

Mimi ni afisa wa elimu ya watu wazima. Ninaishi Ukonga, upande wa Mazizini, katika Jiji la Dar es Salaam. Kazi yangu ni kuyatembelea madarasa ya kisomo, kugawa vitabu, kuandika mahudhurio, na siku ambayo mwalimu hakufika, kushika chaki mwenyewe. Darasa nililolizoea kuliko yote hukutana saa kumi jioni chini ya mwembe. Mvua ikinyesha, huhamia barazani kwa Mama Fundi, mshona nguo, ambaye naye ni mwanakisomo. Darasa hilo lina watu 23.

Ndugu msomaji, nataka kukueleza habari ya begi. Usicheke. Ni begi dogo la mgongoni, la mtumba, rangi ya majani makavu. Wazee waliopitia jeshini huliita shanta. Nilitumia majuma matatu kulichagua, na kabla sijajua kulichagua nilipata aibu, tena nusura nipate na maradhi.

Habari ilianza mwaka 2021. Mwaka huo Uhuru wa Tanzania Bara ulitimiza miaka 60. Sisi watumishi wanane tuliokuwa tukichanga fedha kila mwezi tuliamua kupanda Mlima Kilimanjaro ili tufike kileleni tarehe 9 Desemba. Usiku wa kuamkia tarehe hiyo, mwaka 1961, Luteni Alexander Nyirenda alisimamisha bendera na mwenge juu ya mlima huo, na kilele chake kinaitwa Uhuru hadi leo. Kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Hakuna kilele kingine Afrika kinachokizidi.

Wanakisomo waliposikia nakwenda huko walifurahi. Mzee mmoja, mlinzi wa usiku, akauliza, "Sasa Mwalimu, na sisi tutafikaje?" Tukakubaliana kila mmoja aandike jina lake katika daftari. Mimi nitalibeba daftari, nitalifungua kileleni, kisha nitalirudisha darasani. Mzee huyo alikuwa ametumia miezi minne kujifunza kuandika jina lake bila kutazama ubao. Aliandika wa kwanza, polepole, ulimi nje. Wengine wakafuata. Tulitumia kalamu za wino wa maji kwa sababu ziliandika weusi wa kupendeza.

Begi sikulifikiria hata kidogo. Nilichukua begi la shule la mtoto wa dada yangu, lenye picha ya gari mbele, nikaona linatosha.

Hapa yafaa nieleze jinsi safari ya mlima inavyokwenda, kwa sababu asiyeijua hataelewa kosa langu.

Kilimanjaro haupandwi ovyo. Ni hifadhi ya taifa tangu mwaka 1973, na kila mpandaji lazima aandikishwe getini na awe na mwongozaji. Pamoja na mwongozaji huenda mpishi na wapagazi. Mpandaji huwa na mizigo miwili. Mzigo wa kwanza ni begi kubwa: nguo za kulalia, blanketi la mfuko, viatu vya akiba. Hilo hubebwa na mpagazi. Mzigo wa pili ni kibegi ambacho mpandaji hukibeba mwenyewe mgongoni kutwa nzima.

Wapagazi hawatembei na wewe. Wewe unakwenda polepole, na mwongozaji atakukaripia ukienda mbio. Mpagazi anakwenda haraka, mzigo kichwani au shingoni, ili afike kambini kabla yako. Mzigo wake hupimwa kwa mzani getini usizidi kilo 20. Baada ya nusu saa humwoni tena. Kwa hiyo kitu chochote kilichomo katika begi kubwa, tangu asubuhi hadi jioni, ni kama umekiacha Ukonga. Mimi hili niliambiwa, nikaitikia ndiyo, lakini halikuniingia.

Tulianza tarehe 6 Desemba kwa njia ya Marangu. Siku ya kwanza tulipita msituni, kivulini, tukalala Mandara, mita 2,720. Siku ya pili tulitoka msituni tukaingia katika nchi ya majani na vichaka. Sehemu nyingine vichaka vilikuwa vyeusi kwa moto uliounguza mlima mwezi Oktoba mwaka 2020. Jua lilikuwa kali. Katika kibegi changu nilikuwa na chupa moja ya maji, biskuti, kilo nzima ya karanga, redio ndogo, kitabu kinene cha historia nilichodhani nitakisoma jioni, na daftari. Koti la mvua na sweta zito nilivitia katika begi kubwa, maana kibegi kilijaa.

Saa saba mchana ukungu ulishuka. Kisha mvua. Si mvua ya Dar es Salaam, ambayo ukilowa unacheka na kukimbilia kibandani. Mvua ya mlimani ni baridi na ina upepo, na kibanda hakuna. Mwongozaji akaniuliza, "Koti lako liko wapi, kaka?" Nikamwonyesha kwa kidole huko juu, kuliko ukungu. Alitikisa kichwa. Akanivua kibegi, akanipa shuka lake la plastiki nijifunike, lakini nilikuwa nimekwisha kulowa hadi ndani.

Tulitembea saa tatu na zaidi. Kamba za begi la shule ni nyembamba. Zilinikata mabega. Begi lenyewe lilining'inia mpaka makalioni na kunivuta nyuma kila nilipopanda jiwe. Tulipofika Horombo, mita 3,720, meno yalikuwa yanagongana na maneno yananitoka kwa shida. Nilipewa chai, nikavalishwa nguo kavu, nikafunikwa mablanketi. Usiku nikaanza kukohoa. Asubuhi mwongozaji alinisikiliza kifua, akanitazama macho, akasema, "Wewe unashuka." Sikubishana naye. Wenzangu waliendelea. Mimi nilishuka na msaidizi mmoja.

Huko Marangu ndipo nilipolifungua daftari. Kurasa zilikuwa zimeshikana. Wino ulikuwa umetawanyika kama maji ya kuoshea vyungu. Katika majina 23 niliweza kusoma manne. La mzee mlinzi ilibaki herufi ya kwanza tu.

Ningeweza kununua daftari lingine na kukaa kimya. Nawaza nisiwadanganye wasomaji: wazo hilo lilinijia ndani ya basi, tangu Moshi hadi Korogwe. Lakini siku ya darasa nililiweka lile lililolowa juu ya meza, nikaeleza yote, pamoja na karanga na redio. Watu walinyamaza. Mzee mlinzi alilichukua, akaligeuza, akatazama ile herufi yake moja. Akasema, "Barua ikilowa huandikwa nyingine, Mwalimu. Wewe tafuta begi." Mama Fundi akaongeza, "Na ukilitafuta, lilete hapa kwanza nilione. Lile la mtoto mimi nisingekuruhusu ubebee hata mchicha."

Basi ndivyo begi likawa kazi ya darasa zima.

Tulianza na hesabu. Niliandika ubaoni kwamba ukipanda mita 1,000, joto hupungua kwa karibu nyuzi 6. Kilele ni karibu mita 6,000. Sita mara sita ni 36. Kama Ukonga leo ni nyuzi 30, kileleni ni 30 kutoa 36. Wanakisomo wengi walikwama hapo. Bibi mmoja anayeuza vitumbua ndiye aliyesema, "Una 30, unadaiwa 36. Umekwisha wote na bado una deni la sita." Nikaandika: nyuzi 6 chini ya sifuri. Tena hiyo ni kabla ya kuhesabu upepo na usiku. Nimefundisha hesabu za namna hiyo miaka mingi, lakini sikuwahi kuzieleza vizuri kama bibi yule.

Kisha tukapanga vitu ambavyo mpandaji hawezi kuachana navyo mchana. Koti la mvua na suruali yake. Sweta zito. Kofia ya kufunika masikio, glavu. Maji lita tatu, maana mlimani mtu hukauka bila kujua. Maji hayo yawe katika chupa ngumu za kudumu, kwa kuwa chupa laini za kutupa zimekatazwa hifadhini. Chakula kidogo. Tochi ya kufunga kichwani na betri za akiba. Dawa zako mwenyewe, karatasi za chooni, miwani ya jua. Na daftari. Redio haikutajwa na mtu.

Nikavipeleka vyote dukani kwa jirani tukavipima kwa mzani wa sukari. Maji lita tatu ni kilo tatu. Nguo kilo moja na nusu. Chakula nusu kilo. Vidude vingine pamoja na chupa zenyewe nusu kilo. Jumla kilo tano na nusu. Tukisema begi tupu ni kilo moja, mgongoni patakuwa na kilo sita na nusu. Ni uzito ambao mtu mzima anaweza kuubeba siku nzima, kama begi limemkaa sawasawa. Likimkaa vibaya hata kilo tatu ni adhabu.

Ukubwa wa begi la mgongoni huhesabiwa kwa lita, na namba hiyo mara nyingi imeandikwa kwenye kitambulisho kidogo ndani, au imeshonwa nje. Asiyejua kusoma namba hiyo atauziwa chochote. Ili darasa lielewe tulitumia dumu. Dumu la maji tulilolizoea ni lita 20. Begi la lita 30 ni sawa na dumu moja na nusu. Begi la lita 60 ni madumu matatu. Je, kuna haja ya kubeba madumu matatu mgongoni na begi kubwa limebebwa na mpagazi? Hakuna. Nilisikia watu wakisema chukua kubwa, hutajua utahitaji nini. Mimi siafiki. Nafasi tupu humshawishi mtu. Ukiwa na begi kubwa utalijaza, na ukilijaza utalibeba. Lakini dogo mno nalo ndilo lililonipeleka kitandani Horombo. Kwa safari ya kuongozwa, yenye wapagazi, lita 25 hadi 35 zinatosha.

Jumamosi moja mwezi Julai mwaka 2022 nilikwenda Gongo la Mboto, penye mitumba. Sikwenda mikono mitupu. Nilivitia vile vitu vyangu vyote katika kiroba, chupa zikiwa zimejaa maji, nikakibeba begani. Muuzaji alidhani nimekuja kuuza.

Alinionyesha kwanza begi jeusi linalong'aa, lenye mifuko mingi nje. "Hili ndilo la mlimani, bosi." Namba ilisema 65. Nikalirudisha. Akaleta lingine, jekundu, lita 18. Nikafungua kiroba changu pale pale chini nikaanza kupakia. Sweta na koti la mvua peke yake vilimaliza nafasi. Watu walianza kukusanyika. Kijana mmoja wa bodaboda akauliza kama nahama nyumba. La tatu lilikuwa hili la rangi ya majani makavu. Namba ilisomeka kwa shida: 30. Vitu vyote viliingia, na juu ikabaki nafasi ya ngumi moja. Nafasi hiyo si ya bure. Asubuhi unaanza safari umevaa sweta, na jua likitoka utalivua; lazima pawe na mahali pa kuliweka.

Nikalivaa likiwa na uzito wake wote, nikazunguka vibanda mara tatu. Muuzaji alicheka sana. Na acheke. Begi tupu ni tamu kwa kila mgongo. Ulipime likiwa na maji ndani.

Nilikagua zipu, kufungua na kufunga mara kumi. Nilivuta kwa nguvu pale kamba za mabegani zinaposhonewa, maana hapo ndipo mitumba hukatikia. Nilinusa ndani kama kuna uvundo wa ukungu. Kasoro niliyoiona ni moja, lakini kubwa: mkanda wa kiunoni ulikuwa umekatwa. Kwa kasoro hiyo nilimshusha kutoka shilingi 35,000 hadi 18,000.

Nilipolifikisha darasani Mama Fundi aliligeuza ndani nje kama anakagua gauni la harusi. Akaniambia nivae, nisimame wima, niinamishe kichwa. Akatafuta kwa kidole mfupa wa shingo unaojitokeza, akapima kwa futi yake ya utepe kutoka hapo hadi juu ya mfupa wa nyonga. Ilikuwa sentimita 47. Akapima na mgongo wa begi, tangu kamba zinapoanzia hadi mahali pa mkanda. Vikakaribiana. Alisema kimo cha mtu hakikupi habari ya mgongo wake. Kuna warefu wenye miguu mirefu na mgongo mfupi, naye huwaona kila siku akiwapima suruali.

"Na mkanda huu una faida gani?" mzee mlinzi aliuliza. Niliposoma katika maelezo ya wapanda milima nilikuwa nimeona kwamba mkanda huhamisha sehemu kubwa ya uzito kutoka mabegani kwenda nyongani, lakini sikujua namna ya kulieleza. Bibi wa vitumbua akasimama. Akachukua kanga, akafunga begi langu mgongoni kwake kama mtoto. "Mtoto ukimfunga chini, anakuvuta nyuma, kiuno kinauma. Ukimfunga juu, ukambana, anakaa juu ya nyonga, unalima naye hadi adhuhuri." Akafungua, akafunga tena chini ili tuone. Tukaona. Kwa sababu hiyo vitu vizito, yaani maji, vikae karibu na mgongo na si mbali kule nje.

Mama Fundi alishona mkanda mpya kwa ukanda wa kiti cha gari bovu, kifungo akakitoa katika begi lililochoka. Kwenye kila zipu alifunga kipande cha kamba chenye fundo, ili niweze kuifungua nikiwa na glavu. Kisha akachukua mwavuli uliovunjika vyuma, akaukata kitambaa chake, akakizungushia mpira wa kiunoni, ukawa mfuniko wa mvua unaovalishwa begi zima. Zamani tungelitia begi ndani ya mfuko wa plastiki, lakini mifuko ile ilipigwa marufuku tangu Juni mwaka 2019, na kwa kweli ilikuwa ikipasuka upesi. Hakutaka fedha. Alitaka nimfundishe kusoma risiti za duka la vitambaa, jambo ambalo nilipaswa kulifanya muda mrefu.

Majina yakaandikwa upya, safari hii kwa penseli. Penseli haitawanyiki ikilowa. Daftari tukalitia katika kopo bapa la plastiki lenye mfuniko wa kubana.

Ilibaki kulizoea begi. Moshi kuna maduka ya kukodisha vitu vya mlimani, na begi kubwa na blanketi la mfuko ni busara kukodi kuliko kununua. Lakini kibegi ni kama kiatu. Kodi leo, panda kesho, na malengelenge utayapata mabegani. Kila Jumapili kwa majuma sita nilitoka Ukonga alfajiri na kilo zangu sita na nusu, nikashika barabara ya Pugu, nikapita Gongo la Mboto hadi Pugu Kajiungeni, kisha nikapanda vilima kuelekea Kisarawe. Nikifika penye mteremko nilitazama upande wa shule ya Pugu. Mwalimu Nyerere alifundisha hapo hadi mwaka 1955, na mwaka 1959 alizungumza juu ya kuwasha mwenge juu ya Kilimanjaro, wakati bado tunatawaliwa. Pugu si mlima, wala haikuandai kwa hewa nyembamba. Ilinifundisha tu kwamba kamba ya kushoto ilikuwa ndefu kuliko ya kulia. Mama Fundi akairekebisha.

Tulianza tena tarehe 4 Septemba mwaka 2022, watu watatu tu, kwa njia ile ile. Nilichagua siku hizo ili kileleni iwe tarehe 8 Septemba, Siku ya Kisomo Duniani. Siku ya pili, karibu na mahali pale pale, ukungu ulishuka na manyunyu yakaanza. Nilisimama. Koti lilikuwa juu kabisa ya begi. Nilivaa, nikavalisha begi mwavuli wake, nikaendelea. Haikuchukua dakika mbili. Nilipofika Horombo, kifua changu kilikuwa kikavu. Tulikaa hapo siku moja zaidi ili mwili uzoee, kisha tukaenda Kibo, mita 4,720.

Safari ya kileleni huanza karibu usiku wa manane. Mwongozaji alikagua begi langu. Alinifundisha mambo ambayo Pugu hayakuonekana. Chupa zikae ndani ya begi, zimevalishwa soksi, mdomo chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu. Betri za akiba ziwekwe mfukoni mwa nguo ya ndani, kwa sababu baridi huzimaliza. Mpira wa kunywea maji ambao mwenzetu mmoja alijivunia tangu siku ya kwanza uliganda kabla ya saa tisa usiku, akanywa kwangu.

Giza, changarawe, hatua moja na pumzi mbili. Juu huko pumzi moja hukupa karibu nusu tu ya oksijeni unayoipata ukiwa pwani. Kichwa kilianza kuniuma. Glavu sikuzivua hata mara moja. Vile vifundo kwenye zipu vilifanya kazi yake. Tulifika Gilman's, ukingoni mwa kasoko, mita 5,685, jua likichomoza nyuma ya Mawenzi.

Nilitaka kuendelea. Nilipiga hatua chache nikayumba kama mlevi. Mwongozaji aliniambia nitembee juu ya mstari aliouchora kwa fimbo. Sikuweza. Akasema mimi nashuka na yeye, mwenzetu mwenye nguvu aendelee na msaidizi. Begi lilikuwa sawa, mabega yalikuwa sawa, nguo zilikuwa kavu. Lakini hewa haifungwi kwa mkanda. Nilifungua kopo, nikatoa daftari, nikalifungua ukurasa wa kwanza. Upepo ulitaka kulichukua, nikalishika kwa mikono miwili. Nikasoma majina yote 23 kwa sauti. Mwongozaji alisubiri, tena alivua kofia. Kisha tukashuka.

Getini wanaofika Gilman's hupewa cheti. Nilikuwa na cheti kimoja cha elimu ya watu wazima. Sasa ninavyo viwili.

Darasani nilianza kwa kurudisha daftari. Lilipita mkono hadi mkono, kavu, penseli ikisomeka. Mzee mlinzi alilikagua jina lake herufi kwa herufi, kisha akaniuliza, "Na hapo ulipolifungua, ndipo juu kabisa?"

Nikamwambia hapana. Nikaandika ubaoni 5,895, chini yake 5,685, nikampa chaki. Alikwenda mwenyewe ubaoni. Alitoa kuanzia kulia, kama tulivyofunza, akaandika 210.

Aliitazama namba hiyo kwa muda. "Mita 210," alisema. "Kama kutoka hapa hadi kituoni."

"Kama hivyo, mzee, ila ni kwa kupanda."

"Na begi bado zima?"

Nikamwambia zima, kamba moja tu ya zipu imekatika. Mama Fundi akanyoosha mkono nimpe.